Mfuko wa Gunia Tusiouuza

Wanangu, najua jina mlilonipa. Nikigeuza mgongo naitwa Bibi Limekauka, na sina neno, nimewahi kuitwa vibaya zaidi ya hapo na watu waliokuwa wakinilipa mshahara. Jina lenyewe nimelitafuta. Kila asubuhi, kabla kitambaa hakijakunjwa, namtafuta aliyeingia karakana hii mwisho kuliko wenzake, namwekea gunia mikononi na kumuuliza, "Limekauka?" Juzi nilimsikia mmoja wenu akimtuliza binti mgeni: "Usiogope, huo ni mtihani tu. Jibu yeye analo."

Siku hiyo niliwaacha. Lakini mwezi huu naiacha cherehani, macho yamegoma kuona tundu la sindano, na mmeniomba niwaandikie machache ya kazi kabla sijaenda kufuga kuku. Nitayaandika. Nitafika kwenye hilo swali, na kwenye ule mfuko mdogo uliotundikwa mlangoni, ambao mama mmoja kutoka Nairobi alitaka kuununua nikamkatalia mpaka akanuna.

Kwanza mkasi. Naona mnafungua magunia kwa mkasi kama watu wanaochinja, halafu mnanionyesha kitambaa chenye matundu mkisema kilikuja hivyo. Mdomo wa gunia hushonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukishika upande ulio sahihi, ukakata fundo moja na kuvuta, uzi wote hutoka kwa mkupuo mmoja na gunia linabaki zima. Ukishika upande wa pili utavuta mpaka Krismasi. Hilo nilifundishwa na Mzee Kilonzo, msimamizi wangu katika kiwanda cha magunia kilichokuwa papa hapa, ndani ya kuta hizi mnamoshonea leo. Nyinyi mmekuta ghala lenye popo. Mimi nilikuta mitambo ikinguruma kiasi kwamba tuliongea kwa midomo bila sauti, na hadi leo nasoma mnachosema mkiwa kule mwisho wa meza, kwa hiyo jihadharini.

Nyuzi za juti zilikuja kwa meli kutoka Bangladeshi, zimefungwa marobota makubwa. Tulizinyunyizia maji na mafuta zilainike, ndipo zikasokotwa, zikafumwa, zikakatwa, zikashonwa. Kazi yangu ilikuwa mwisho kabisa, kukagua gunia kabla halijafungwa kwenye mafungu. Mzee Kilonzo hakuamini mkono wa mtu. Alisema mkono wa mfanyakazi umekufa ganzi kwa sugu, kwa hiyo alitufundisha kuweka gunia shavuni na kuhesabu hadi kumi. Likiwa na ubaridi, lina maji. Likiwa na maji na ukalifunga, litaoza likiwa limefungwa, na hutajua mpaka aliyelinunua arudi na matusi. Nilipokosea hakufoka. Alinirudishia gunia mikononi na kusema, "Mumbua, hili lina maji kuliko uji wa mgonjwa. Lirudishe juani." Nilikuwa msichana, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilikaa kiwandani miaka kumi na tisa. Kisha yakaja magunia ya plastiki, mepesi, yasiyonyonya mvua, wakulima wakayakumbatia, na kiwanda kikafunga sehemu moja baada ya nyingine hadi akabaki askari wa lango peke yake akilinda majani. Nilikuwa na watoto shuleni. Ilikuwa miaka ile mawakala wa kazi za Saudia walipokuwa wakiandikisha wanawake hadi sokoni, huku wamekaa kwenye viti vya plastiki na mwavuli juu. Mimi nami niliandikishwa, umri wangu ukapunguzwa kidogo kwenye karatasi, nikapanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Jua la Riyadh nitawaeleza, maana ndilo lililoniponza. Ukianika nguo darini, ukifika kwenye kipande cha mwisho, cha kwanza kimeshakuwa kigumu kama chapati ya juzi. Hewa haina tone la maji. Pua hutoa damu, midomo hupasuka, na hata uzi wa juti hukatika ukiukunja vibaya. Nyumba ile ilinunua mchele kwa gunia, na magunia matupu yalitupwa. Mimi iliniuma kuona juti safi ikienda jalalani. Nikayafua machache kwa maji baridi, nikayaanika darini kwa muda wa kupika chai, nikashona mfuko wa kwendea dukani. Mifuko ya plastiki ya dukani ilikuwa ikipasuka kila mara na kumwaga vitunguu ngazini, na madam wa pale alikuwa na maneno makali juu ya vitunguu.

Ule mfuko ulinihamisha mji. Dada yake madam, mwalimu aliyeishi Jeddah mtaa wa Aziziya, alikuja kuwatembelea, akauona jikoni, akaugeuza ndani nje, akaniuliza kama naweza kushona mingine. Alikuwa amechoshwa na plastiki iliyojaa ufukweni, na alikuwa akiwaambia wanafunzi wake waache kuitumia lakini hakuwa na cha kuwapa badala yake. Nikamwambia hata mia naweza. Mkataba wangu ulipokwisha, karatasi zikahamishwa, mumewe akawa kafili wangu, mdhamini mwenye kushika karatasi zangu, yeye akawa madam wangu, nami nikahamia Jeddah kichwa juu. Nilikuwa mtumishi wa nyumbani ambaye sasa anaitwa fundi.

Katika nyumba hiyo nilimkuta Mejumaa.

Mejumaa alikuwa mlezi wa watoto, msichana wa Msambweni, wa umri wenu. Mcheshi, mwepesi wa kucheka, lakini mwenye kusali kwa wakati, na mimi Mkristo nilikuwa nikimshikia mtoto akisali, naye alinishikia jiko Jumapili nikijifungia chumbani na Biblia yangu. Aliniita Mama Mwende, kwa jina la binti yangu. Alijifunza kushona upesi sana. Mnajua ule mraba wenye alama ya kuzidisha ndani yake, tunaoushona pale mkono wa mfuko unaposhika? Alipouona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Mama Mwende, wewe waingiza misalaba Jeddah kwa mlango wa jikoni!"

"Huo si msalaba, ni nguvu ya mkono. Shona."

"Haya, nashona. Lakini siku ya kiama nitasema ni wewe uliyenituma."

Tulicheka mpaka madam akaja kuuliza nani ameanguka.

Lakini Mejumaa alikuwa na mzigo. Mama yake kule Msambweni alikuwa mgonjwa wa figo, na kila ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka yake ulikuwa na sauti ya mama nyuma yake, kila wiki dhaifu zaidi. Alikuwa amebakiza miezi minane kwenye mkataba. Akaomba aende nyumbani. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kabatini kwa baba mwenye nyumba, na bila saini yake asingetoka nchini. Madam aliwaza siku mbili, kisha akatuita sote jikoni.

"Bazari ya wanawake ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Nimeahidi mifuko mia moja. Mumbua peke yake hawezi, na watoto wanahitaji mtu. Bazari ikipita, halas, baba anatia saini, Mejumaa anaenda kwa mama yake. Wallahi."

Sitamsingizia madam ubaya. Aliahidi na alikusudia. Lakini sasa mnaelewa mifuko ile ilikuwa na uzito gani. Kila mfuko uliokwisha ulimsogeza msichana karibu na mama yake, na kazi yenyewe ilikuwa mikononi mwangu.

Magunia tuliletewa na dereva kutoka majiko yanayopika mchele wa karamu, yakiwa na harufu ya mafuta na hiliki. Ilibidi yafuliwe yote. Niliyafua kwa maji baridi na chumvi, hilo nililifanya sawa, na nyinyi mkifua kwa maji ya moto mtapata mfuko wa kutosha yai moja. Niliyaanika darini. Jua lilikuwa kali kama la Riyadh, au niliona hivyo. Kufikia adhuhuri nikayagusa, juu makavu, nikayateremsha.

Mejumaa alikuwa ameshika moja mlangoni mwa stoo.

"Mama Mwende, hili halijakauka."

"Limekauka."

"Laonekana kavu tu. Hapa ni kama kwetu pwani, bahari iko pale. Nguo nzito yataka siku mbili, tatu, na uigeuze. Shika hapa penye pindo."

Nikalishika. Kulikuwa na ubaridi. Nikaliweka shavuni kama nilivyofundishwa, na shavu likasema ubaridi, waziwazi. Lakini stoo ilikuwa na AC, kila kitu mle kilikuwa baridi, hata sabuni, hata ukuta. Nikajiambia huo ubaridi ni wa AC. Ningetoka nalo nje hatua nne tu ningejua ukweli. Sikutoka. Na nitawaambia kwa nini, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya: niliona haya kufundishwa gunia na mtoto aliyelijua gunia wiki tatu.

"Mejumaa," nilimwambia, "nimekagua magunia miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa hujazaliwa nilipoanza. Unataka kwenda kwa mama yako au hutaki? Basi leta uzi. Yalla."

Alileta uzi. Niliona vizuri jinsi uso wake ulivyofungwa, nikageukia cherehani.

Tulishona kwa nguvu zote. Mifuko mia moja ilikwisha siku kumi kabla ya bazari. Niliipanga kwa mafungu, nikaifunga kwenye maboksi yenye karatasi za nailoni ndani ili isipate vumbi, nikayabandika maboksi gundi pande zote kama mtu anayefunga sanduku la maiti. Nilijisikia vizuri sana. Madam alinipongeza mbele ya wageni wake. Mejumaa alianza kukusanya zawadi, tende laini, marhamu ya miguu, mswala wa kijani, na alizitia kwenye mfuko mdogo alioushonea mama yake kwa vipande nilivyobakiza. Vipande hivyo alivianika kwa namna yake, juu ya kamba karibu na jiko, siku tatu, akivigeuza asubuhi na jioni. Nilimcheka. Nilimuuliza kama anakausha gunia au anakausha papa.

Jumatano, siku moja kabla ya bazari, nilifungua boksi la kwanza. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Mnaijua harufu ya shimo la choo kilichohamwa? Mifuko ilikuwa na madoa meusi, madogo madogo, yametambaa kuanzia kwenye pindo hadi tumboni. Nikafungua boksi la pili, la tatu. Yote. Mejumaa alikuja na mtoto kiunoni, akasimama. Hakusema, "Nilikuambia." Wanangu, nilitamani aseme, nilitamani anitukane kwa Kidigo, kwa lugha yoyote. Aliingiza mkono kwenye mfuko mmoja, akautoa, akajipangusa kwenye dera lake, akaenda kumlaza mtoto.

Madam alilia kwa aibu ya wageni aliowaalika. Kisha akauona mfuko wa Mejumaa umetundikwa jikoni, akaushika, akaunusa. Haukuwa na doa.

"Kama huu," alisema. "Yote ifanywe kama huu. Kuna bazari nyingine baada ya wiki tatu."

Nilimfuata hadi sebuleni, mahali ambapo sikuwa na ruhusa ya kukaa, nikapiga magoti kwenye zulia.

"Madam, kosa ni langu. Mimi nitakaa, nitashona yote, nitalea watoto, sitalala. Mwache msichana aende. Mama yake anamngoja."

"Mumbua, inuka. Nimesema baada ya bazari. Wiki tatu si nyingi. Inshallah mama yake atapona."

Wiki tatu si nyingi. Nililisikia neno hilo kila nilipopiga pedali.

Safari hii Mejumaa ndiye aliyeamua gunia lipi literemke kutoka kwenye kamba na lipi libaki. Mimi nilibeba, nikageuza, nikasubiri amri yake. Hatukucheka tena kuhusu misalaba. Alikuwa mpole kwangu, aliniletea chai kama kawaida, na upole huo ulinikata. Mifuko ilitoka mizuri kuliko ile ya kwanza, naweza kusema hivyo hata leo, mikavu, inayolia ukiikunja.

Zilibaki siku nne kufika bazari ya pili. Ilikuwa baada ya alfajiri, nilikuwa nakanda unga, Mejumaa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akisikiliza ujumbe wa kaka yake. Safari hii sauti ya mama haikuwepo nyuma. Kulikuwa na sauti za watu wengi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasikiliza tena, akaniambia, "Wamesema watamzika leo baada ya swala ya adhuhuri."

Nilimshika. Mikono yangu ilikuwa na unga, ukampaka mgongoni, na nakumbuka niliwaza jambo la kijinga, kwamba unga ule utakauka na itabidi ufuliwe. Nililia kwa sauti mimi, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Baba mwenye nyumba aliposikia alisikitika kweli, akatoa pasi kabatini asubuhi hiyo hiyo. Karatasi iliyokuwa ikingoja bazari ilipatikana kwa siku mbili. Siku mbili tu! Jambo hilo sijapata kulimeza mpaka leo.

Alipoondoka alitoa zile zawadi kwenye mfuko mdogo, akazitia sandukuni pamoja na nguo zake, awape shangazi. Mfuko wenyewe akanipa mtupu.

"Huu baki nao, Mama Mwende. Mwenyewe hayuko."

Nilitaka kumuomba msamaha pale mlangoni, dereva akapiga honi. Sikumuomba. Nimekuwa na visingizio vingi, honi, watoto wanaolia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa jibu.

Nilirudi nyumbani mkataba ulipokwisha. Nikakuta serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya dukani, watu wanatoka sokoni wamebeba nyanya kwenye vitenge, na vijana wawili wamekuja kuniuliza kama ni kweli niliwahi kufanya kazi kwenye kile kiwanda kilichokufa. Hayo mengine mnayajua, mlikuwepo. Juti imerudi ndani ya kuta hizi, safari hii haibebi mahindi, inabeba mkate na sukuma wiki, na mimi nashukuru Mungu nimeiona ikirudi. Nafikiri Mzee Kilonzo angefurahi, ingawa angeanza kwa kuwasema kuhusu mkasi.

Mwaka jana, wengine wenu mtakumbuka, alikuja mwanamke wa Pwani na watoto wawili. Niliwaambia ni mteja. Alikuwa Mejumaa. Ana duka la mboga huko kwao, na anataka mifuko yetu. Aliona ule mfuko mlangoni kabla hajaniona mimi. Aliushusha, akaingiza mkono ndani, akauweka shavuni, akaurudisha kwenye msumari.

"Bado mkavu," alisema.

Tuliketi kule nyuma, penye marobota, na hatimaye nikamuomba msamaha niliokaa nao miaka yote. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya AC, hata ule ubaridi wa shavuni nilioujua nikajifanya siujui. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika mkono wangu.

"Nilikusamehe zamani, Mama Mwende. Siku yake mama ilikuwa imeandikwa. Lakini mimi sikutaka uniombe msamaha."

"Ulitaka nini, mwanangu?"

"Nilitaka siku ile uniulize."

Kwa hiyo kesho asubuhi nitamtafuta mgeni wenu kwa mara ya mwisho, na baada yangu mtakuwa mkiuliza nyinyi. Mwambieni asitetemeke, asiniangalie usoni kutafuta jibu. Huo si mtihani. Namuuliza kwa sababu sijui.